Mpaka Ulihama, Kaya Haikuhama



Mzee mmoja wa Itilima aliniuliza swali ambalo nadhani wengi wenu mmejiuliza kimoyomoyo. Alisema, "Mwanangu, mimi nilizaliwa Wilaya ya Maswa. Wanangu wamezaliwa Wilaya ya Bariadi. Wajukuu zangu wamezaliwa Wilaya ya Itilima. Nyumba ni ile ile aliyoijenga marehemu baba. Je, nimehama mara ngapi?"

Nilicheka, naye akacheka. Lakini alipokwisha kucheka aliinuka, akaingia ndani, akatoka na sanduku la bati. Akatoa karatasi tatu na kuzipanga juu ya kigoda. Ya kwanza ni stakabadhi ya kodi ya mwaka 1959, imeandikwa Maswa, Jimbo la Ziwa. Ya pili ni cheti cha kuzaliwa cha mwanawe wa mwisho, cha mwaka 1985, kimeandikwa Bariadi, Mkoa wa Shinyanga. Ya tatu ni cheti cha mjukuu wake, cha mwaka 2016, kimeandikwa Itilima, Mkoa wa Simiyu. Karatasi tatu, wilaya tatu, mikoa mitatu, na mlango wa nyumba ni mmoja.

Basi juma hili nataka tuzungumze habari ya mipaka yetu: ilitoka wapi, ilibadilika namna gani, na yatupasa tufanye nini ili isitugombanishe. Maana yule mzee hakuniita ili anionyeshe karatasi tu. Alikuwa na jambo zito, nami nitalieleza baadaye.

Zamani za watemi

Watu wa kale hawakuijua wilaya. Walijua utemi. Usukumani palikuwa na watemi wengi, na katika nchi hii yetu ya mashariki twayajua majina yao mpaka leo: Ntuzu, Dutwa, Itilima, Kanadi, Meatu na nyinginezo. Chini ya mtemi walikuwako wanangwa, na kila mwanangwa alikuwa na watu wake.

Mpaka wa utemi ulikuwa mto, kilima, au pori lililokaa katikati ya watu hawa na wale. Mtemi alihesabu watu kuliko kuhesabu ardhi. Mtu akikosana na mwanangwa wake, alifunga mizigo, akaswaga ng'ombe wake, akaenda kuomba mahali kwa mtemi mwingine. Pori likifyekwa na mbung'o wakakimbia, nchi ilipanuka. Hapakuwa na ramani wala jiwe la mpaka. Ushahidi ulikuwa kinywani mwa wazee.

Wajerumani walikuja, wakaondoka katika vita ile ya kwanza ya dunia. Waingereza waliotawala baada yao ndio waliochora mistari. Tangu mwaka 1926 walitawala kwa kuwatumia watemi, na tawala za watemi kadhaa zikakusanywa kuwa wilaya moja chini ya Bwana Shauri. Ndivyo Maswa ilivyokuwa wilaya kubwa, ikizikumbatia Ntuzu, Dutwa, Itilima, Kanadi, Meatu na majirani zao. Nayo Maswa ilikuwa ndani ya Jimbo la Ziwa, ambalo makao yake yalikuwa Mwanza. Baada ya vita ya pili Waingereza waliwaunganisha watemi wa Usukuma wote katika shirikisho moja, na makao yake yakawekwa Malya, huko Kwimba.

Kwa hiyo wazee wetu wanaposema "sisi ni watu wa Maswa", hawasemi uongo. Maswa ndiyo mama. Wilaya tatu nyingine za mkoa wetu zimetoka katika tumbo lake, moja baada ya nyingine.

Baada ya Uhuru

Tulipata Uhuru mwaka 1961. Mwaka 1963 mambo makubwa mawili yalitendeka. Kwanza, utawala wa machifu ulifutwa. Pili, yale majimbo makubwa ya kikoloni yalikatwa kuwa mikoa, na Mkoa wa Shinyanga ukazaliwa. Maswa ikaondoka chini ya Mwanza, ikawa chini ya Shinyanga.

Ndipo mama akaanza kuzaa. Bariadi ilikatwa kutoka Maswa, ikawa wilaya yenyewe. Katika miaka ya 1980 Meatu nayo ikakatwa, makao yake yakiwa Mwanhuzi. Kila mara sababu ilikuwa moja: watu wameongezeka, njia ni ndefu, na mwenye shida hafiki ofisini. Fikiri mwenyewe habari ya mama mjane wa kando ya Serengeti anayetaka muhuri mmoja tu, naye apande lori siku mbili ili aupate.

Mwezi wa Machi mwaka 2012 Serikali ilitangaza mikoa mipya minne: Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Mkoa wetu wa Simiyu ulitolewa katika Shinyanga kwa kuzichukua Bariadi, Maswa na Meatu. Wilaya mbili mpya zikaongezwa. Itilima ilikatwa kutoka Bariadi, na makao yake ni Lagangabilili. Busega ilikatwa kutoka Magu katika Mkoa wa Mwanza, na makao yake ni Nyashimo. Kwa njia ya Busega mkoa wetu ulipata pwani ya Ziwa Victoria. Jina la mkoa lilitolewa kwa mto Simiyu, unaotoka upande wa Serengeti na kumwaga maji yake ziwani.

Tazameni jambo la ajabu. Itilima lilikuwa jina la utemi. Utemi ulifutwa mwaka 1963, na baada ya miaka 49 jina likarudi likiwa la wilaya. Meatu vivyo hivyo. Ntuzu na Dutwa yamebaki kuwa majina ya tarafa. Na lile pori la wanyama lililotengwa mwaka 1962 laitwa Pori la Akiba Maswa, ingawa mtu akiutembea mpaka wake atakanyaga ardhi ya Meatu, ya Itilima na ya Bariadi. Jina limehifadhi habari ya wilaya ile ya zamani. Mistari hufutwa, majina hayafi upesi.

Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilikuta watu 1,584,157 katika mkoa huu. Hesabu ya mwaka 2022 ilikuta watu 2,140,497. Katika miaka 10 tumeongezeka zaidi ya nusu milioni. Basi asishangae mtu akisikia tena kwamba kata imegawanywa au kijiji kimezaa kijiji.

Mji nao hukua

Bariadi wazee wanaikumbuka ilivyokuwa: maduka machache, mashine ya pamba, na vumbi. Leo ni makao ya mkoa, nao mji una halmashauri yake, mbali na Halmashauri ya Wilaya ya Bariadi ambayo makao yake yako Dutwa. Hata Nyakabindi, iliyokuwa mashamba na malisho, ilipokea sherehe za taifa za Nane Nane kuanzia mwaka 2018.

Wasomaji wengi hawajui tofauti ya ngazi hizi, na kutojua huku huwaponza. Kijijini mna vitongoji, Halmashauri ya Kijiji na Mkutano Mkuu wa Kijiji, na ardhi ya kijiji haigawiwi ovyo bila mkutano huo. Mahali pakianza kuwa na watu wengi na biashara, paweza kufanywa mamlaka ya mji mdogo, nayo hukaa chini ya halmashauri ya wilaya. Pakizidi kukua, pawa mji wenye halmashauri yake, na hapo vijiji hugeuka kuwa mitaa.

Siku kijiji chako kinapogeuka mtaa, kaya yako haihami, lakini sheria inayotawala shamba lako yabadilika. Wapima ardhi watakuja. Shamba la mihogo laweza kuitwa viwanja. Watakuja na watu wenye fedha mkononi na maneno matamu mdomoni. Nimewaona baba waliouza shamba la watoto kwa bei ya baiskeli mbili, kwa sababu hawakujua kwamba mji ulikuwa umekwisha kuwafikia. Ukisikia neno "mji" katika mkutano, usisinzie. Uliza: mpaka wa mji unapita wapi? Shamba langu limo au halimo?

Sasa, jambo la yule mzee

Nimesema alikuwa na jambo zito. Ni hili.

Ng'ambo ya korongo, mbele ya nyumba yake, iko ngitili aliyoirithi kwa baba yake. Sisi wakulima wa pamba na wafugaji twajua maana ya ngitili: ni malisho yaliyofungwa tangu masika, ili wakati wa kiangazi ng'ombe wapate kitu cha kutia kinywani. Mwenye ngitili huvuka Septemba na Oktoba. Asiye nayo huhesabu mizoga.

Katika Operesheni Vijiji, kati ya mwaka 1974 na 1976, watu wengi waliletwa kukaa ng'ambo ile ya korongo, wakagawiwa mashamba. Sehemu ya ardhi ya baba yake ilikwenda hapo. Mzee hakunung'unika, maana watu wale nao walikuwa wameacha makaburi na minyaa yao kwingine. Ngitili ilibaki mkononi mwake, na kila mtu alijua hivyo.

Baadaye kile kitongoji cha ng'ambo kikawa kijiji chenyewe. Vijiji hivi viwili sitavitaja majina. Korongo likafanywa mpaka. Ndipo vijana wa kijiji kipya wakamwambia, "Mzee, wewe ni mtu wa kijiji kile. Ngitili iko kwetu. Basi ni yetu." Wakaingiza ng'ombe kabla ya wakati. Mjukuu wake mkubwa alipoona hayo alitwaa fimbo, akawaita wenzake.

"Babu," alisema, "turuhusu twende leo leo."

"Keti chini," mzee alimjibu. "Ng'ombe aliyekula majani hawezi kuyatapika. Na mtu aliyekwisha kufa hafufuliwi kwa ngitili."

"Lakini Babu, watatumaliza!"

"Tutakwenda. Ila tutakwenda na wazee, si na fimbo."

Wakaenda. Nami nilikuwapo. Kutoka kila upande walikuja wazee watano, wanawake wawili miongoni mwao, pamoja na wenyeviti na watendaji wa vijiji vyote viwili. Tulitembea tangu asubuhi. Bibi mmoja wa ng'ambo, ambaye aliletwa pale akiwa bibi arusi mwaka 1974, ndiye aliyetuonyesha kisiki cha mkuyu na safu ya minyaa ya zamani. Alisema mbele ya watu wake, "Tulipogawiwa mashamba tuliambiwa tusivuke minyaa hii. Juu ya minyaa ni ngitili ya baba yake huyu. Mimi siwezi kusema uongo nikiwa karibu na kaburi." Wale vijana wakatazama chini.

Lakini na mzee wetu naye alipata neno lake. Wanawe walikuwa wamelima mpaka chini kabisa, kwenye njia ya ng'ombe iendayo lamboni, wakaifunga. Bibi yule yule aliionyesha njia hiyo kwa mkono. Mzee akakubali kwamba hapo ni kosa lake.

Jioni waliandika muhtasari. Ngitili ni ya mzee, lakini kwa kuwa iko katika kijiji kipya, atafuata sheria ndogo za kijiji kile juu ya kufunga na kufungua malisho. Njia ya lambo itafunguliwa, na ng'ombe wa pande zote mbili watapita. Mzee alipoteza kipande cha chini, nao vijana wakapoteza dai lao. Hakuna aliyekwenda nyumbani na kila kitu alichokitaka, na hakuna aliyekwenda hospitali.

Mambo matano ya kukumbuka

Kutokana na habari hii nataka mshike mambo matano.

La kwanza: mpaka wa utawala si mpaka wa mali. Wilaya ikigawanywa, au kijiji kikizaa kijiji, ofisi ndiyo inayobadilika. Shamba haliwi la mtu mwingine kwa sababu ya tangazo hilo. Hata cheti chako cha zamani chenye jina la Maswa au Bariadi hakiharibiki. Kitunze, usikitupe kwa kuwa jina la wilaya limepitwa na wakati.

La pili: aliyegawiwa ardhi wakati wa vijiji hawezi kufukuzwa hivi hivi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imethibitisha ugawaji uliofanywa kati ya mwaka 1970 na mwaka 1977. Kwa hiyo wewe ambaye baba yako alikuwa na shamba mahali fulani kabla ya Operesheni, usiwasumbue watu waliogawiwa na kukaa pale miaka hii yote. Nao wasivuke kile walichogawiwa.

La tatu: ulizeni kama kijiji chenu kina Cheti cha Ardhi ya Kijiji. Kabla ya kupata cheti hicho, mipaka hukubaliwa na vijiji vya jirani. Majirani wakishindwa kukubaliana, sheria ina njia ya kuwekewa msuluhishi. Msingoje ugomvi. Kazi hii hufanyika vizuri wakati wa amani, na hufanyika vibaya wakati ng'ombe wana njaa.

La nne: ugomvi ukitokea, zijueni ngazi zake. Liko Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye watu saba, na watatu katika hao hawana budi kuwa wanawake. Liko Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 halitoi tena hukumu ya ardhi bali kazi yake ni kusuluhisha. Yasipopatana hapo, ndipo shauri huenda mbele, na huko gharama huanza. Nawaambia kweli, mabaraza ya chini ni bei nafuu kuliko wakili, na wakili ni bei nafuu kuliko damu.

La tano, na ndilo nililopenda kuliandikia: watembezeni wazee. Yule bibi wa kisiki cha mkuyu ana miaka zaidi ya 70. Kama angalikufa mwaka jana, nani angalituonyesha minyaa ile? Kila mwaka twazika watu wanaojua mipaka yetu, na twazika maarifa yao pamoja nao. Basi, baba na mama, wakati wa likizo watwaeni watoto wenu, pamoja na babu na bibi, mzunguke shamba. Kijana anayejua kuandika na aandike: hapa pana mkuyu, hapa pana jiwe jeupe, jirani wa kusini ni fulani, njia ya maji yapita hapa. Mwite jirani naye aone na akubali. Karatasi hiyo itieni katika sanduku la bati.

Tuwe wakweli

Sisemi kwamba kila mgawanyo umeleta faida kwa kila mtu. Kuna aliyesogezewa ofisi, na kuna aliyesogezewa mbali. Jamaa wa Busega waliokuwa wamezoea kwenda Magu na Mwanza hawakuacha masoko na ndugu zao huko kwa sababu jina la mkoa limebadilika. Wilaya mpya yataka majengo, magari na watumishi, na yote hayo hulipwa kwa kodi zetu. Kwa hiyo tunapoitwa mkutanoni kuambiwa kijiji kigawanywe, tusipige makofi tu kwa sababu fulani ataka uenyekiti. Tuulize: zahanati itakuwa wapi? Shule itabaki kwa nani? Lambo ni la nani? Nani atatembea zaidi, nani atatembea kidogo? Yakijibiwa vizuri, tukubali. Yasipojibiwa, tungoje.

Wala tusisahau kwamba mstari uliochorwa ili kumsogezea mama mjane ofisi, haukuchorwa ili kumtenga na shangazi yake wa ng'ambo. Korongo lile halikuwa ukuta hapo zamani. Watu walioana kuvuka korongo, walizikana kuvuka korongo, na walisaidiana kulima kuvuka korongo.

Siku nilipoaga, yule mzee aliniambia kwamba mjukuu wake ndiye sasa anayeitunza karatasi ya mpaka. Ameikunja vizuri, ameitia katika sanduku pamoja na zile tatu. "Sasa ni karatasi nne," alisema. "Wakiugawanya mkoa tena, watakuta tumejiandaa."

Nami nawauliza ninyi: katika sanduku la nyumbani kwenu mna karatasi ngapi? Fungueni mtazame kabla hatujakutana juma lijalo.